Simuleta ya ndege iliyokwama wakati wa kutua: kosa halikuwa la kadi ya picha

Angani Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, ilikwenda laini. Ikikaribia kutua uwanja wa Julius Nyerere, fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) zilishuka hadi 20 kwa sekunde, tena kwa mikwamo. Usikimbilie Kariakoo kununua kadi ya picha kabla ya kupima. Ni hela nyingi mno. Niliwasha modi ya wasanidi na kihesabu cha fremu. Kikaonyesha MainThread, yaani kadi inaisubiri prosesa, ubongo wa kompyuta. Simuleta hii huelemea kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo wingi wa viini hausaidii sana. Kashe kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ndiyo inayosaidia.

Bodi mama ilikuwa B450, soketi (kiti cha prosesa) AM4, na prosesa ya Ryzen 5 3600 yenye kashe ya L3 ya MB 32. Nikaweka Ryzen 7 5800X3D, MB 96, bodi ileile. Sasisha BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, kabla ya kung'oa prosesa ya zamani, la sivyo mashine haitaonyesha kitu. Na iwe kwenye UPS, betri ya akiba: umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa.

RAM ni GB 32, vijiti viwili, nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM ulio ndani ya BIOS, maana bila huo RAM ya kasi ya 3200 inaweza kubaki 2133.

Kwa joto la Dar, kipozeo kidogo (feni ya kupoza prosesa) cha 3600 hakitoshi, na 5800X3D huuzwa bila kipozeo. Ukomo wa joto la prosesa hiyo ni nyuzi 90 za Selsiasi. Nunua kipozeo cha mnara, kirefu cha kusimama, chenye feni ya milimita 120. Sasa inatua kwa fremu 38, bila mkwamo.