Siku Mbili Nje ya Msitu wa Kibale

Ijumaa saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama chini ya mkuyu katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, niliandika sifuri. Kazi yetu ni kukagua miti ileile kila mwezi. Unasimama chini, unainua darubini, unatafuta majani machanga, maua, matunda mabichi na mabivu, halafu unaupa mti alama kuanzia 0 hadi 4. Matunda mabivu: 0. Mzee Amooti, ambaye amezipita njia hizi tangu sijazaliwa, hakubishana nami. Alinionyesha juu kwa kidevu. Kima watatu wa mkia mwekundu walikuwa wanakula tini zilizoiva, na makombo yao yalikuwa yanadondokea kofia yangu.

"Akiiki," akaniambia, "macho yako imechoka. Kesho usikuje huku."

Kiswahili chake alikipata jeshini, kama wazee wengi wa Uganda, na mimi nakipenda kilivyo. Akiiki ndilo jina nililopewa siku ya tatu tangu nifike. Watooro, wenyeji wa huku, pamoja na jina la ubatizo na la ukoo, wana empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo huitana wanaposalimiana. Ni majina machache tu, kila mtu ana lake katika hayo, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtu akikuita kwa empaako, hata lawama huingia sikioni taratibu. Nilifunga daftari.

Nyumbani Pangani wakisikia nashinda msituni wanadhani kazi yangu yenyewe ni mazoezi. Sivyo. Msituni unatembea hatua kumi, unasimama. Hatua ishirini, unasimama. Mapafu hayapati kazi, miguu haipati mwendo wake, inayoumia ni shingo. Nilikuwa wiki ya tatu bila kupumzika hata siku moja, kwa hofu kwamba mvua za Oktoba zitaniharibia ratiba. Kumbe nilikuwa naiharibu mwenyewe.

Jumamosi alfajiri nikavaa raba badala ya gambuti, nikatoka mbio.

Kituo chetu kiko Kanyawara, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtafiti Thomas Struhsaker alikuja hapa mwaka 1970 kuwafuata mbega wekundu, na kituo kikakua kutokana na kazi ile. Leo kiko chini ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ukitoka nje ya msitu unakutana na chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama kimepitishiwa wembe, na katikati yake barabara ya udongo mwekundu. Kilomita ya kwanza kifua kilinibana. Nimekulia baharini, na Morogoro ninakosoma haifiki hata nusu ya mwinuko huu. Nikapunguza mwendo, nikavuta pumzi kwa pua, nikatoa kwa mdomo, nikahesabu hatua. Baada ya kilima cha pili miguu ikafunguka. Tangu nifike Uganda sikuwa nimetazama mbele kwa umbali mrefu namna ile. Msituni macho hugonga jani mita tano mbele yako. Wachuma chai waliokuwa wanaelekea shambani walinipisha, na mama mmoja akaniuliza ninakimbilia wapi. Nikamjibu kwa Kitooro changu kibovu kwamba nakwenda na kurudi. Alicheka mpaka akashika kikapu vizuri.

Mchana nikachukua bodaboda hadi ziwa Nkuruba. Upande huu wa kusini mwa mji wa Fort Portal ardhi imetobolewa mashimo mengi. Zamani moto wa chini ya ardhi ulikutana na maji, mvuke ukalipuka, shimo likabaki, na baadaye maji yakalijaza. Kwa hiyo ziwa haliko wazi kama Victoria. Unashuka ukingo mkali wenye miti, mbega wakiruka juu ya kichwa chako, na hulioni ziwa mpaka umekaribia kulikanyaga.

Niliingia majini polepole. Ufukwe hakuna, unaacha mzizi mmoja wa mti na papo hapo huna ardhi. Nikashangaa mwili unazama. Bahari ya Pangani hukubeba kwa chumvi yake, ukilala chali inakuinua. Haya maji hayakubebi hata kidogo, lazima ujishughulishe. Juu yalikuwa ya vuguvugu kwa jua, lakini miguu ikining'inia ilikutana na baridi, kama vile kuna ziwa jingine chini ya ziwa. Nikalala chali, mikono ikikata maji taratibu, shingo imelegea kabisa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nilitazama juu ya miti bila kuhesabu chochote. Mbega mmoja mweusi na mweupe alikuwa ameketi kwenye tawi lililoinama juu ya maji, mkia umening'inia kama taulo, na sikutaka kujua anakula nini.

Nililala palepale, juu ya ukingo. Nililala kwa muda wa saa kumi mfululizo, jambo ambalo sijalifanya tangu sekondari.

Jumapili nilitembea kwa miguu hadi ziwa Nyinambuga, mwendo wa kuzungumza, kando ya mashamba ya migomba na maharage. Wenyeji husema ndilo ziwa lililochapwa kwenye noti ya shilingi 20,000. Nilitoa noti mfukoni nikailinganisha, na kijana aliyekuwa anachunga mbuzi akaja kuigeuza vizuri mkononi mwangu ili nisimame upande unaofaa.

Mvua ya usiku ilikuwa imesafisha anga. Upande wa magharibi, mahali ambapo kila siku naona wingu tu, Ruwenzori ilikuwa imesimama yote. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, na barafu yake ni ndogo sana sasa kuliko walivyoiona babu zao hawa wachunga mbuzi. Nililiona doa jeupe moja, jembamba. Nikakaa nalitazama mpaka wingu likalifunika, na moyo uliniuma, siwezi kusema vinginevyo.

Kabla ya kurudi nilipita Fort Portal, nikala karo, yaani ugali wa ulezi, na firinda, ule mchuzi mzito wa maharage yaliyomenywa maganda. Nikarudia sahani. Jioni nilikausha gambuti, nikashona soksi, nikachonga penseli mbili.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa tena chini ya mkuyu wetu. Nikainua darubini, nikaanzia tawi la chini, nikapanda moja moja bila haraka. Mzee Amooti alikuwa nyuma yangu, kimya. Nilifuta sifuri ya Ijumaa kwa mstari mmoja, ili isomeke bado, na pembeni nikaandika tarehe na alama mpya: 3.

"Mzee Amooti, wewe unaona ngapi?"

"Tatu," akasema, akachukua panga tukaelekea mti wa pili.