Gibson kapoteza tena, safari hii mezani kwangu Uyole

Aisee jana usiku Bob Gibson, yule mrushaji wa besiboli wa Marekani, kafungwa tena. Na hakuna wa kumlaumu maana refa ni mimi, kocha wa timu zote mbili ni mimi, mrusha dadu ni mimi, na uwanja wenyewe ni meza ya sebuleni kwangu hapa Uyole, ile ambayo mguu mmoja nimeuchomekea kipande cha boksi isiyumbe. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe watu wa Mbeya, nimekaa ndani ya nyumba na koti na kofia ya sufu kama naenda Mwanjelwa saa kumi na moja alfajiri, chai ya tangawizi pembeni, watu wote wamelala.

Kwahiyo majirani mnaoulizaga "huyu jamaa taa yake inawaka mpaka saa sita anafanyaga nini", jibu ndo hili. Narudia msimu wa besiboli ya Marekani wa mwaka 1968. Mechi kwa mechi, kwa kadi na dadu. Sibeti, maana najua ndo swali linalofuata.

Boksi nilipewa kitambo sana, nipo sekondari kule Rungwe. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, anafundisha fizikia, Kiswahili chake cha kuokoteza ila mtu wa watu kabisa, "ndaga fijo" (asante sana ya Kinyakyusa) alikuwa anaisema kuliko sisi. Sasa masika ya Tukuyu si mnayajua, mvua inaanza na inakatika wakati umeshasahau ilianza lini, uwanja wa mpira umekuwa bwawa, Jumamosi nzima watu mmekaa bwenini mnaangaliana. Siku moja akaja na boksi limeandikwa Strat-O-Matic. Huu mchezo kautunga jamaa anaitwa Hal Richman na umeanza kuuzwa 1961, kuna mwingine wa aina hiyo hiyo unaitwa APBA umetangulia, wa 1951. Tulikuwa wanafunzi wanne mwanzoni, mwisho nikabaki mimi tu. Alivyomaliza muda wake akaniachia boksi zima, kadi za 1968 zote zimefungwa kwa rababendi timu kwa timu.

Ngoja nieleze unavyochezwa maana bila hivyo mtaniona chizi moja kwa moja.

Kila mchezaji ana kadi yake. Kadi ya mpigaji (mwenye gongo) ina safu tatu, namba 1, 2 na 3. Kadi ya mrushaji (anayemrushia mpira) ina safu tatu pia, 4, 5 na 6. Unarusha dadu tatu kwa pamoja, moja ina rangi yake peke yake. Hiyo ya peke yake ndo inakwambia usome kadi ya nani na safu ipi, zile mbili zilizobaki unajumlisha, unapata kitu kati ya 2 na 12, unashuka na kidole mpaka kwenye namba yako, unasoma kilichotokea. Hiti (kaupiga akafika besi, yaani kituo), auti (katolewa), besi ya bure (mrushaji kakosea kumrushia, anatembea mpaka besi ya kwanza), homurani (kaupiga mbali, anazunguka besi zote mpaka nyumbani, hiyo ni pointi). Ikiwa ni mpira wa kuelekea kwa mdakaji ambao haueleweki kama anaudaka au la, kuna dadu nyingine ya nyuso 20 na jedwali lake, na kila mdakaji ana alama yake, 1 ndo bora kabisa.

Sasa hapo kuna kitu nilichelewa sana kukishika, labda miaka. Dadu ya peke yake ikitoa 1, 2 au 3, kadi ya mrushaji haisomwi kabisa. Yaani hata uwe nani, nusu ya mambo yako yameandikwa kwenye kadi ya mtu mwingine.

Na ndo tunarudi kwa Gibson.

1968 wenyewe Wamarekani wanauita mwaka wa warushaji. Gibson wa St. Louis Cardinals, kwa wastani, kwenye kila ining 9 (ining ni zamu ya kila timu kupiga, mechi nzima ni 9) alifungwa pointi 1.12. Moja nukta moja mbili! Mechi 13 alizianza na kuzimaliza mwenyewe bila kufungwa hata pointi moja. Upande wa pili kuna Denny McLain wa Detroit Tigers alishinda mechi 31, na tangu hapo hakuna aliyefika 30. Don Drysdale wa Los Angeles akaenda ining 58 na theluthi mbili bila mtu kufunga. Kwenye ligi ya Marekani (wana ligi mbili, ile nyingine ni ya Taifa) bingwa wa wapigaji alikuwa Carl Yastrzemski na .301 tu (kama hiti 3 kwa kila mara 10 za kupiga), hakuna bingwa wa wapigaji aliyewahi kuwa na namba ndogo hivyo. Ilifika mahali wakubwa wakaona huu sio mchezo tena, mwaka uliofuata wakashusha kile kichuguu anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 mpaka 10, na eneo la kuhesabia straiki (mrusho mzuri ambao mpigaji kaushindwa) wakalipunguza. Fikiria mtu mpaka wanakushushia udongo uliosimama.

Lakini huyo huyo Gibson wa 1.12 alishinda 22 na akapoteza 9. TISA. Mi hiyo namba ilinikaa kichwani tangu niko form three. Unafungwaje mara tisa wakati hufungiki? Mwalimu alinijibu kwa kucheka tu, akasema rusha dadu uone. Basi ndo narusha.

Msimu mzima siwezi, niseme ukweli. Timu zilikuwa 20, kila moja mechi 162, jumla mechi 1620, na mimi mechi moja dakika 40 hivi, nina duka la pembejeo na watoto wanataka ada. Nikasema nacheza za Cardinals tu, 162, kila mpinzani mara 18 kama ratiba ya mwaka ule ilivyokuwa. Hesabu yake ni masaa 108. Nimeanza mwaka juzi kiangazi, na msimu wa mbolea ukifika nasimama kabisa maana nikirudi home ni kulala.

Matokeo naandika kwenye kaunta buku. Ile ile ya dukani, kurasa za mbele ni urea na DAP, nani kachukua mifuko mingapi na anadaiwa ngapi, ukigeuza daftari nyuma ndo ligi. Kuna mteja mmoja wa Igurusi aliona nimeandika "Brock kaiba 2" akanishusha sauti akauliza Brock ndo kijana gani tena huyo nimeajiri mwizi hahaha. Lou Brock wa Cardinals huyo, kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) ndo kazi aliyolipwa, mwaka ule aliiba 62.

Mama watoto naye ana lake. Miezi kama mitatu ya kwanza alikuwa ananisikia naongea peke yangu sebuleni "Makadinali mbona mnaniangusha", yeye Mkatoliki wa kwelikweli wa jumuiya, akadhani nina ugomvi na Roma. Ikabidi nimuoneshe picha ya yule ndege mwekundu, nembo ya Cardinals. Akasema ndege ni mzuri, na mkaa mnunue wewe na hao ndege wako.

Dadu nyeupe original, ile ya peke yake, ilishapotea. Kijana wangu wa darasa la tano aliiazima bila kuomba, wakachezea ludo barazani na wenzie, ikadondokea kwenye mtaro wakati wa mvua, ikaenda zake. Nilinyamaza kama siku mbili nzima. Sa hivi natumia dadu yake ya ludo, nyepesi kidogo, inaruka sana, ndo maana narushia kwenye sinia nililotandika kitambaa, kwanza isikimbie pili isiamshe watu.

Kuna mzee fundi baiskeli hapa njia panda, mtu wa Tukuyu, jioni nikifunga duka napitaga kijiweni kwake kuna drafti. Siku nikamweleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa unachezesha Wazungu usiku."

"Sio Wazungu wote mzee, Gibson mweusi, Brock mweusi, Flood mweusi."

"Wapo hai?"

"Wengine wapo. Gibson alifariki 2020."

Akakaa kimya anazungusha spoku, alafu akasema "sasa kama unaweza kurudisha mwaka, mbona usinirudishie Tukuyu Stars 86?"

Jamani. Wasiojua, Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania 1986, timu ya kutoka huku kwetu milimani, Simba na Yanga wapo wanaangalia. Na kusema kweli hilo wazo lilinikosesha usingizi kuliko Gibson. Nikachukua daftari jipya, nikaenda kijiweni Jumapili tatu mfululizo, nikawaweka wazee wale chini nianze kutengeneza kadi. Nani alikuwa namba tisa. Alifunga mangapi. Golikipa alidaka penati ngapi. Wee! Goli moja hilo hilo, mmoja anasema kichwa, mwingine anasema penati, wa tatu anasema siku hiyo mechi haikuchezwa mvua ilikuwa kubwa. Walikaribia kushikana mashati. Wote walikuwepo uwanjani na wote wanaapa. Baada ya Jumapili ya tatu nilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, majina mengi, namba hamna.

Besiboli wenzetu wana bahati moja, mchezo wenyewe umekaa kama risiti. Mrushaji mmoja, mpigaji mmoja, kitu kimoja kinatokea, unaandika, anakuja mwingine. Kuna mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza, Henry Chadwick, karne ya 19 huko, ndo alikomaa na lile jedwali la mechi lenye kila mtu na alichofanya. Tangu enzi hizo wanaandika tu. Kwahiyo mtu wa Uyole ambaye hajawahi kuona uwanja wa besiboli kwa macho yake anajua Dal Maxvill alisimama nafasi gani mwaka 1968, ila hajui golikipa wa jirani yake wa Tukuyu alifungwa mangapi. Hiyo inaniuma, siwezi kuficha. Mpira wetu hata ungeandikwa ni ngumu kuuwekea dadu, watu 22 wanakimbia kwa pamoja, lakini angalau ungeandikwa.

Basi turudi jana. Kwenye ratiba nimefika tarehe 17 Septemba, Cardinals ugenini San Francisco. Hii mechi ya kweli naijua kwa kichwa. Gaylord Perry wa Giants aliwanyima Cardinals hata hiti moja, na Gibson akapoteza 1-0, pointi yenyewe homurani ya Ron Hunt ining ya kwanza. Ron Hunt! Mtu aliyepiga homurani mbili tu mwaka mzima, moja akaitunza kwa ajili ya Gibson. Kesho yake hapo hapo uwanjani Ray Washburn wa Cardinals akalipa, naye akawanyima Giants hiti hata moja.

Kwahiyo nilikuwa na jazba. Nikachemsha chai nyingine kabisa.

Mpigaji wa kwanza Brock, narusha, hiti. Habari ya Perry imeishia hapo. Akaiba besi ya pili, Flood akamleta nyumbani, 1-0 sisi. Anakuja Hunt, naikaza dadu mkononi kama mtu anayeombea mbegu, auti ya chini kwa Maxvill. Nikapiga meza, mtoto akakohoa chumbani, nikatulia.

Giants wakasawazisha ining ya nne, Willie Mays na Willie McCovey, hao hata huna la kusema. Baada ya hapo ni auti auti auti, Gibson kawanyoosha mpaka ya nane, na sisi nasi tunaacha watu kwenye besi kila saa hatuwaingizi. Ining ya tisa, 1-1, auti mbili tayari, McCovey kapewa besi ya bure. Narusha. Dadu ya ludo ikaruka ikagonga ukingo wa sinia ikalala 5. Kadi ya Gibson mwenyewe. Nikajumlisha zile mbili, mpira wa juu kwa mdakaji wa kati, ule usioeleweka kama anaudaka au la. Nikashusha pumzi maana kati ni Curt Flood, mwenye alama 1, mtu wa Gold Glove (tuzo ya wadakaji bora) kila mwaka kipindi kile.

Rusha ya nyuso 20. Kosa.

Flood kauangusha. McCovey na mwili wake wote ule kakimbia kutoka besi ya kwanza mpaka nyumbani. 2-1, mechi imekwisha.

Wanaojua hii stori sasa hivi wameshika vichwa, maana Oktoba ya mwaka ule ule, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Detroit, Gibson na Mickey Lolich hawafungani mpaka ining ya saba, auti mbili, mpira wa Jim Northrup ukaenda kwa huyo huyo Flood, akausoma vibaya, akateleza, watu wawili wakaingia na ubingwa ukaenda. Msiseme nimetunga, daftari lipo, njooni dukani muone.

Nikaanza kuandika. Na hapa ndo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kwasababu pointi ya kosa la mdakaji hahesabiwi mrushaji. Gibson wangu alikuwa na wastani wa 1.47, nimepiga hesabu na kikokotoo cha simu mara mbili: umeshuka. Kapoteza mechi na kawa bora zaidi kwa usiku mmoja. Kwenye safu ya kupoteza nikaongeza kijistari, sasa ni kumi, mwenzie wa kweli aliishia tisa.

Mama watoto akatoka kunywa maji, akaangalia sinia, akaniangalia mimi. "Makadinali?"

"Wamefungwa."

"Poleni. Zima taa, luku imebaki yuniti tatu."

Leo ni zamu ya Washburn. Luku nimeshanunua.