Barua ya Yeremia kwa Waliotaka Kurudi Upesi

Andiko la Yeremia 29:11, lile la "mawazo ya amani wala si ya mabaya", limeenea Dar es Salaam nzima: kwenye vioo vya daladala za Mbagala, kwenye kalenda, hata kwenye kadi za mahafali. Katika jumuiya yetu huku Kimara tumeamua kuisoma sura yote, tukianza kwa kuuliza ni nani walioandikiwa, na lini.

Walikuwa mateka. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliutwaa Yerusalemu, tukio ambalo waandishi wa Babeli wenyewe waliliweka katika kumbukumbu zao, akamhamisha mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu na mafundi. Hekalu lilikuwa bado limesimama, kwa hiyo wengi waliamini kwamba shida ingekwisha mapema. Nabii Hanania alitangaza mbele ya makuhani kuwa ndani ya miaka 2 mfalme na vyombo vya hekalu vingerudi, akaivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Nani asingempenda nabii wa namna hiyo?

Yeremia aliandika kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni mji mliopelekwa, kwa maana miaka ni 70. Ahadi ya amani inakuja mara tu baada ya hesabu hiyo. Mtu mzima aliyesikia barua hiyo ikisomwa alijua kwamba yeye atazikwa Babeli, na watakaorudi ni wajukuu zake. Hilo sijalisikia katika mkesha wowote wa mwaka mpya, nami nadhani sababu inajulikana.

Katika magofu ya Babeli vilifukuliwa vibao vya udongo vya mgao wa mafuta, kimojawapo cha mwaka 592, vinavyomtaja Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe 5. Mfalme aliyetangaziwa kurudi alikuwa bado anapimiwa mafuta kutoka ghala la aliyemteka.

Shemaya, mmoja wa mateka, alikasirika akamwandikia kuhani Sefania akitaka Yeremia afungwe. Mawazo ya amani hakuyagusa. Kilichomchoma ni zile nyumba na bustani.

Wiki ijayo tutaingia sura ya 32, ambamo Yeremia ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, mbele ya mashahidi na kwa hati yenye muhuri, huku jeshi la Babeli likiwa limeuzingira mji. Wenzetu wenye kesi za viwanja wameahidi kuwahi.