Kulizunguka Ziwa kwa Magurudumu

Mwalimu hapandi chombo cha majini. Sisi tunaoishi naye Mwanza tunalijua hilo, na hakuna anayemtania kwa jambo hilo. Miaka yote akienda kwao Bukoba alikuwa anapanda basi la kupitia Shinyanga na Kahama, mzunguko wote huo, ili tu asivuke kwa feri ya Kigongo. Basi Juni 2025 Daraja la JP Magufuli lilipofunguliwa, kilomita 3 za zege juu ya maji ya Ziwa Victoria kutoka Kigongo hadi Busisi, yeye ndiye aliyenipigia simu. Hata salamu hazijaisha, akasema: "Sasa ziwa lote linazungukika kwa magurudumu. Unasemaje?"

Nikasema twende.

Tulikuwa wanne: Mwalimu, mimi, rafiki yetu ambaye kila mtu anamwita Fundi, na mdogo wake Fundi, Dogo, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Pikipiki tatu za cc 150 na ya Dogo ya cc 125. Tulichagua Septemba kwa sababu ya kiangazi. Maandalizi makubwa yalikuwa ya makaratasi: pasipoti, kadi ya pikipiki yenye jina lako mwenyewe, na ile bima ya kadi ya njano inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Mengine yalikuwa tyubu za akiba, pampu, plagi, waya wa klachi, na viungo viwili vya cheni ambavyo Fundi alivifunga kwenye kitambaa kilicholoweshwa oili.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Pale darajani tulipunguza mwendo. Zamani sehemu ile ilikuwa ni foleni ya malori, wauza mahindi ya kuchoma, na kuangalia saa. Sasa dakika chache tu na uko Busisi. Mwalimu alikuwa mbele yangu. Niliona mabega yake yamekaza, na macho yake hayakutoka kwenye lami hata mara moja mpaka tulipofika upande wa pili. Hapo akasimama pembeni, akavua helmeti, akageuka kuyatazama maji kwa muda mrefu. Hatukumsemesha.

Sengerema, Geita, Chato, kisha msitu. Wasafiri wa zamani wa njia ya Biharamulo wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Leo eneo kubwa la msitu ule ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na tulichokutana nacho barabarani ni ngedere na joto. Tulilala Muleba, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa mtetemo wa usukani.

Kuna jambo sikuwa nimelitegemea kabisa. Ziwa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, la kwanza Afrika, lakini ukilizunguka kwa barabara muda mwingi hulioni. Linajificha nyuma ya vilima, migomba, mafunjo na miji. Unalijua kwa dalili. Upepo unageuka mchana na kuanza kukusukuma ubavuni. Harufu ya dagaa inakupata kabla hujaona mtumbwi. Wadudu wa ziwani wanakuja jioni kama moshi, wanajaa kwenye kioo cha helmeti mpaka inabidi usimame ufute. Halafu ghafla barabara inapanda kilima, na maji ndiyo hayo, yamejaa upeo wote wa macho, ng'ambo haionekani.

Hivyo ndivyo tulivyolipata tena asubuhi ya pili, kati ya Muleba na Bukoba. Mvua ilikuwa imetangulia. Upande ule wa magharibi mvua nyingi huja alfajiri: usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa hukusanyika na kupanda katikati ya ziwa, mawingu yanatengenezwa huko gizani, na kukipambazuka upepo wa mashariki unayaleta Bukoba. Mwalimu alitueleza hayo tukiwa tumejibanza chini ya paa la duka lililofungwa, maji yakitiririka kwenye koti zetu.

Kisha tukafika Kemondo.

Bandari iko chini, pembeni ya barabara. Mwalimu alizima injini, nasi tukazima. Akaonyesha kwa kidole mahali alipokuwa amesimama jioni ya tarehe 20 Mei 1996, akiwa na miaka 16, amebeba mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya kaka yake, aliyekuwa anakwenda Mwanza kutafuta kazi. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia hapo kuongeza watu na mizigo. "Ilikuwa imejaa," alisema. "Kaka alipokea mkungu juu ya vichwa vya watu. Sikumwona uso vizuri, niliona mikono." Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imebaki safari fupi tu kutia nanga Mwanza, meli ikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi hawakutambuliwa. Kaka yake ni mmoja wao.

Dogo, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, aliinama akaanza kukaza kamba za mzigo wake, kamba ambazo zilikuwa zimekaza tayari.

Bukoba tulipumzika siku iliyobaki nyumbani kwa shangazi yake Mwalimu. Mama yule alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, anazozitoa mkononi mwake kukuwekea wewe mkononi. Tulipoaga alimfungia Mwalimu kifurushi kidogo cha kahawa hiyo ndani ya jani la mgomba lililokauka. Hakutaja ni ya nini, wala Mwalimu hakuuliza.

Siku ya tatu tulivuka Mto Kagera pale Kyaka, mto ambao ndio mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Daraja la hapo lilivunjwa kwenye vita ya 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia, na magofu ya kanisa bado yamesimama kilimani. Mutukula, mpakani na Uganda, mambo yalikwenda haraka, kwa sababu nchi mbili zinahudumia chini ya paa moja. Dogo alipogongewa muhuri alirudi akaufunua ukurasa, akautazama, akaufunika, akaufunua tena.

Masaka tulikula dagaa. Nataka niseme kuhusu dagaa, kwa sababu ndio waliotuongoza safari yote. Kwetu ni dagaa. Uganda tuliambiwa ni mukene. Tulipofika Kisumu wakawa omena. Samaki ni yule yule, mwenye urefu wa kidole, anayevuliwa usiku wa giza kwa taa na kuanikwa juani. Kila mahali wanadai kuwa wao ndio wanaojua kumpika. Masaka walimpika na mchuzi mzito wa karanga, na mpaka leo naukumbuka. Hata ziwa lenyewe linabadilishiwa jina hivyo hivyo: Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Na pesa kinyume chake: nchi zote tatu ni shilingi, jina moja, lakini ukichanganya noti mfukoni utalia.

Kutoka Masaka barabara inashuka hadi Lwera, tambarare ya mafunjo inayopakana na ziwa, na huko upepo ulitupiga ubavu wa kulia mpaka tukawa tunaendesha tumelalia upande. Wavuvi wametundika samaki wabichi kwenye miti pembeni ya lami. Kayabwe tukavuka mstari wa ikweta, tukapiga picha kama wote wanaopita. Kampala tuliivuka kimya kimya, macho mbele, tukiwa katikati ya mto wa bodaboda ambao hauna mwanzo wala mwisho. Dakika arobaini sikuongea, nilikuwa nahesabu taa za nyuma za wenzangu: moja, mbili, tatu.

Jinja ndiko ziwa linakotokea na kuwa Mto Nile. Tulipita kwenye daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018, kisha tukashuka hadi ufukweni, ambako maboti yanawapeleka watu mahali maji yanapoanza safari yake. Sisi watatu tulitaka kwenda. Mwalimu akasema atabaki na pikipiki. Lakini alishuka nasi hadi kwenye boti. Aliwahesabu abiria. Akahesabu jaketi okozi. Alimwomba nahodha, kwa heshima kabisa, ahakikishe kila mmoja amefunga yake, akaikagua ya Dogo kwa mikono yake mwenyewe, akavuta mkanda mara mbili. Ndipo akarudi nyuma. Tuliporudi baada ya nusu saa tulimkuta amesimama pale pale.

Siku ya tano cheni ya Dogo ilikatika, tumekaribia Iganga. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi kabla ya safari na fundi mmoja mtaani kwetu, na kwa mzigo na joto la siku nne ilikuwa inajivuta bila nafasi ya kupumua. Fundi wetu alijilaumu kwa kutoikagua. Tuliisukuma pikipiki hadi chini ya mwembe ambako kijana mmoja alikuwa na sanduku la spana na kipande cha reli cha kugongea. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kisoga chetu hakipo kabisa, kwa hiyo kazi ilifanyika kwa mikono. Alikishika kiungo kilichokatika, akakipangusa mafuta kwa kidole gumba, akatuonyesha: bamba la pembeni lilikuwa na ufa wa zamani wenye kutu ndani, na ufa mpya unaong'aa kama fedha. Maana yake kilianza kufa siku nyingi. Kisha akatuonyesha spoketi ya nyuma, meno yamelala upande mmoja kama nyasi iliyopigwa na upepo. Fundi alitoa kiungo cha akiba kutoka kwenye kile kitambaa chake, yule kijana akakigonga taratibu kwa msumari na nyundo, akakaza ekseli, kisha akaibonyeza cheni kwa vidole viwili juu na chini, aone ina mchezo. Akamshika Dogo mkono, akamfanya abonyeze naye. Tangu siku ile Dogo huibonyeza kila asubuhi kabla ya kuwasha. Webale, ssebo: asante, bwana.

Tulifika Busia usiku. Inasemekana neno bodaboda lilizaliwa mpakani huko, enzi za baiskeli zilizokuwa zinawabeba watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Tulilala fofofo.

Kesho yake pale Maseno tukavuka ikweta kwa mara ya pili, sasa tukirudi kusini. Kisumu nilisikitika kuona ghuba imefunikwa na magugu maji, kijani kibichi mpaka unaweza kudhani ni shamba. Wavuvi wanaupasulia mtumbwi njia kwa makasia na fimbo. Kwa Mwalimu ilikuwa tofauti. Alikaa ukingoni karibu saa nzima akitazama, na jioni aliniambia ndiyo mara ya kwanza kulikaribia ziwa kiasi kile bila moyo kwenda mbio, kwa sababu maji hayakuonekana.

Kutoka Kisumu tuliacha barabara ya Kisii tukafuata ya Kendu Bay na Homa Bay, na nawashauri wote mfanye hivyo. Hapo ziwa halijifichi. Lipo kulia kwako muda mrefu, na vilima vimekaa kama watu waliochuchumaa wakioga. Migori, Isebania, Sirari. Afisa wa upande wetu aliponiambia "karibu nyumbani" nilijikuta nashindwa kujibu mara moja. Tuliuvuka Mto Mara pale Kirumi jua likizama, tukalala Musoma.

Siku ya nane ilikuwa fupi. Baada ya Bunda barabara inapakana na Serengeti, na pundamilia walikuwa wanakula majani mita chache kutoka kwenye lami. Pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhini, lakini siku ile hifadhi ilitoka kutusalimia. Lamadi, Magu. Nilidhani tutaingia mjini moja kwa moja tukale. Tulipofika Igoma, Mwalimu aliwasha taa ya kukata kushoto.

Makaburi ya MV Bukoba yako pale Igoma. Nimepita njia ile maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuingia. Tuliziegesha pikipiki zikiwa zimejaa vumbi la nchi tatu. Mwalimu alichukua kile kifurushi cha jani la mgomba kutoka chini ya koti lake, mahali kilipokaa zaidi ya kilomita 1,000 bila kulowana. Akakifungua. Akampa kila mmoja wetu buni moja mkononi, akaweka moja kinywani mwake, na zilizobaki akaziweka chini pembeni ya ukuta, akazifunika na lile jani.

"Shangazi anakusalimia," alisema kwa Kihaya, kisha akaturudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie.

Tulitafuna. Ni chungu, halafu inageuka. Injini zilikuwa zinapoa nyuma yetu, zikitoa ule mlio mdogo wa chuma, tiki, tiki. Tulikaa mpaka zikanyamaza.