Siku moja maishani mwangu: nalea bakteria wanaoikimbia oksijeni

Saa mbili asubuhi niko maabara. Watu wanadhani nashinda nimevaa koti jeupe nachungulia hadubini, wapi! Naosha chupa, nachemsha maji hewa itoke, napuliza naitrojeni, naziba kwa kizibo cha mpira, hivyo hivyo mpaka saa tano.

Saa tano mikono inaingia kwenye boksi la glavu. Ndani ni naitrojeni na haidrojeni kidogo, glavu nene, jasho, na pua lazima iwashe muda huo huo. Chupa tunazitia rangi ya resazurini, ikiwa pinki ujue oksijeni imepenya. Leo kuna kizibo kilichochoka, chupa ikaanza pinki juu ikashuka taratibu mpaka chini huku naitazama tu. Ikatupwa.

Saa saba nataka kula, simu. Jamaa anatengeneza gemu, anataka kiumbe wa sayari nyingine anayepumua chuma, mkubwa kama tembo na anakimbia. Nikamwambia wapumua chuma ninao hapa, bakteria aitwaye Geobacter, anakula chakula halafu elektroni anazitupa kwenye kutu badala ya oksijeni, ile kutu ya kahawia inageuka unga mweusi, ukipitisha sumaku nje ya chupa unaufuata. Ila kaka, oksijeni ndiyo inayolipa nguvu nyingi, huku kwingine mshahara mdogo, mbio utazitoa wapi? Eti aongezewe mapafu! Mapafu ya nini, kutu haivutwi puani, lazima uiguse. Nikampa zulia hai la bakteria linalotambaa juu ya mwamba gizani, seli zinapokezana elektroni. Hataki. Nikamtajia bakteria Desulforudis audaxviator wa mgodi wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini, jua halijui, mionzi ya miamba inapasua maji, haidrojeni inatoka, yeye anaila na kupumua salfeti, chumvi ya salfa. Na haidrojeni hata Enceladus, mwezi wa Zohali, ipo, chombo cha anga Cassini kiliikuta kwenye mvuke wake, ikatangazwa 2017. Akauliza, huyo ana meno?

Chakula kimepoa. Mchana wote nilikuwa na chupa za wapumua salfeti, sijui hata saa ngapi nilimaliza, nanuka mayai viza mpaka kwenye nywele na bado kuna mtu ataniambia kazi yangu ya kukaa tu.

Usiku meseji ya yule jamaa wa gemu, zulia limepita, ila bosi wake kaliwekea macho. Gizani kote huko! Nitamjibu kesho.