Siba alipofika na mikate

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii usingizi umenipungua kwa sababu ya uamuzi nilioutoa mwenyewe. Mwezi uliopita, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu, nilimwondoa mama mmoja aliyekuwa akitunza stoo, baada ya mjumbe mwenzangu kuniambia kwamba mifuko 14 ya saruji haijulikani ilikokwenda. Mjumbe huyo alikuwa amenibebea mzigo mkubwa wakati wa harambee, na aliyasema hayo jioni akinirudisha nyumbani kwa gari lake. Mama yule sikumwita wala sikumuuliza. Juzi fundi amenionyesha daftari: saruji ilitumika kwenye nyumba ya mchungaji, na kila mfuko uliandikwa kwa mkono wa mama yule.

Ndipo nikairudia 2 Samweli 16. Daudi anamkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa, na amekipita kidogo tu kilele cha mlima, watu wake wakiwa hoi, Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, anapomjia na punda 2, mikate 200, zabibu kavu na kiriba cha divai. Njaa ilikuwa ya kweli na mikate ilikuwa ya kweli, kwa hiyo maneno ya Siba kwamba Mefiboshethi amebaki Yerusalemu akiutamani ufalme nayo yakapokewa kama ya kweli. Papo hapo mfalme akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi, mtu aliye kiwete miguu yote miwili, mwana wa Yonathani rafiki wa Daudi, aliyekuwa akila mezani pa mfalme. Wapendwa, si lazima iwe rushwa. Wema uliotufikia tukiwa tumechoka unatosha kutuziba sikio la pili, na Mithali 18:17 inatuonya kwamba msemaji wa kwanza huonekana mwenye haki mpaka mwenzake aje kumchunguza.

Lakini kilichonichoma zaidi ni sura ya 19. Mefiboshethi anakuja na ndevu zisizotengenezwa na nguo zisizofuliwa tangu siku mfalme alipoondoka, anajieleza kwamba Siba alimsingizia, na Daudi anaamua wagawane mashamba, yeye na Siba. Ndugu viongozi, hiyo ndiyo dhambi yetu: tukigundua tumekosea, tunarudisha nusu ili heshima yetu isiguswe. Mimi nilikuwa nimekusudia kumrudishia mama yule ufunguo kimyakimya, ilhali nilimwondoa mbele ya watu. Mefiboshethi alijibu kwamba Siba na atwae yote, maadamu mfalme amerudi salama.

Jumatano kamati inaketi. Nimeomba mama huyo awepo, muhtasari wa kikao kile usahihishwe, na kosa langu litajwe kuwa langu. Jana nilipompigia simu kumwomba radhi, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nyumba ya mchungaji imekwisha kupigwa lipu.