Siku Nilipoitwa Alfenim

Tulikuwa Angra do Heroísmo, katika kisiwa cha Terceira, kimoja cha visiwa vya Azores vya Ureno, jikoni kwa bibi yake rafiki yangu wa masomoni. Bibi alikuwa amechemsha sukari, maji na siki kidogo, na shira ilipokolea akaimimina katika sinia iliyopakwa siagi. Ilipopoa kiasi cha kushikika, akaanza kuivuta na kuikunja, kuivuta na kuikunja, na rangi yake ya manjano iliyofifia ikageuka nyeupe pee machoni pangu ingawa hakutia kitu. Weupe ule huletwa na hewa inayonaswa ndani ya mikunjo. Katika donge hilo alimfinyanga njiwa, akamkata mbawa kwa mkasi mdogo.

Mimi, kwa ujuaji wa mtoto wa madrasa aliyekwisha kusikia "al" mwanzoni mwa neno, nikamweleza rafiki yangu kwamba alfenim, kama walivyoiita peremende ile, bila shaka ni halua yetu ya Unguja iliyobadili kanzu. Akacheka, akaleta kamusi nene. Halua ilikuwamo kweli, ila katika mlango wa jirani: ni alféloa, peremende nyingine ya kuvutwa, iliyotokana na al-halawa ya Kiarabu. Alfenim, ambayo Wahispania huiita alfeñique, asili yake ni fanid ya Waarabu, nao waliipata kwa Waajemi waliosema panid, na Waajemi waliipokea kutoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambamo phanita ni maji ya muwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Neno lilisafiri na sukari yenyewe, kutoka India hadi Andalusia, kusini mwa Hispania.

Bibi, aliyekwisha kuchoshwa na kamusi, akanitia kipande mikononi nikivute. Kilikuwa kingali cha moto. Nikapiga ukelele, nikakibwaga mezani.

"Alfenim!" Bibi akasema, nami nikadhani anataja nilichokiangusha. Rafiki yangu, kwa haya kidogo, akateremsha kidole kwenye ukurasa hadi maana ya pili: mtu laini, dhaifu wa mwili, asiyestahimili. Kwetu tungesema mtoto wa mayai. Nikajitetea kwamba hata mpika halua hutumia mwiko, hatii mkono sufuriani, lakini hakuna aliyenisikiliza.

Kipande changu kilikuwa kimekwisha kukauka, hakivutiki tena. Bibi akakivunja, akanitia nusu kinywani, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa ndani ya bakuli la maji.